Karatasi Nayo Ilianza Mdomoni

Kuna sentensi inayozunguka sana hapa Bariadi, Usukuma, na haisemwi na watu wasiojua kitu. Wanaisema walimu wa historia, maofisa wa utamaduni, vijana waliomaliza chuo kikuu, na wakati mwingine hata watoto wa waliopigania uhuru wenyewe: yale ya wazee ni hadithi, historia inataka nyaraka. Ikishakubalika, inazaa ya pili: huku Usukuma hakukuwa na mapambano ya kuhesabika. Wahehe walikuwa na Mkwawa, Wanyamwezi walikuwa na Mirambo na Isike, kusini kulikuwa na Majimaji, Kenya kulikuwa na Mau Mau; sisi tulilima pamba na kuchunga ng'ombe mpaka uhuru ukatukuta. Naijibu sentensi hii kwa kirefu kwa sababu haiishii kichwani. Ndiyo inayoamua nani aulizwe na nani asiulizwe, kinasa sauti kiwashwe au kibaki kwenye begi, na watu inaowahusu wanazikwa kila msimu.

Kwanza msimamo huo upewe haki yake. Wanaoushikilia wana sababu, na sababu hizo si za kubuni. Mtu wa miaka 85 anaposimulia jambo la ujana wake, anasimulia pamoja nalo kila alichosikia redioni, msibani na kwenye mikutano tangu siku ile. Mpiganaji ana maslahi katika habari zake mwenyewe: anayetaka heshima ataongeza, aliyetenda ubaya atapunguza. Simulizi zetu zina uganga ndani yake. Mara nyingi hazina tarehe. Zina mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka aliozaliwa mtoto wa pili. Karatasi, wanasema, haibadiliki: ilichosema mwaka 1958 ndicho inachosema leo, na watu wawili wasiofahamiana wanaweza kuisoma wakakuta maneno yale yale. Yote hayo ni kweli. Kosa liko kwenye hukumu inayotolewa baada yake, kwamba neno la mpiganaji likae nje likisubiri mpaka karatasi ilifungulie mlango.

Nianze na karatasi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokalishwa kwenye kiti cha hakimu. Mtu akitaka kujua sheria na mila za Wasukuma kwa njia inayoheshimika ofisini, anaelekezwa kwenye kitabu cha Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia mambo ya jamii, kilichotoka mwaka 1953. Kitabu hicho kinanukuliwa kama waraka usio na shaka. Lakini Cory hakuzikuta sheria za Wasukuma kwenye kabati. Aliwaita watemi na wazee, akawauliza, wakasema, akaandika. Vitabu vya wilaya vilivyokuwa vikitunzwa na mabwana shauri vilijaa habari za koo na tawala kwa njia hiyo hiyo: mzee anaeleza, mkalimani anageuza, mzungu anachukua anachokihitaji kwa ajili ya kodi, mipaka na kuteua mtemi wa kufanya naye kazi. Sasa tuulize. Neno lililotoka mdomoni mwa namhala, yaani mzee, mwaka 1950 likaandikwa na mtumishi wa Mwingereza ni nyaraka, na neno linalotoka mdomoni mwa namhala wa leo pale Dutwa likanaswa na mjukuu wake ni hadithi. Mdomo ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu. Anayesema historia inataka nyaraka huwa hasemi nyaraka za nani, na akibanwa aseme, inaonekana anadai kwamba Msukuma aaminiwe pale tu alipokuwa anajibu maswali ya mtawala wake.

Tena karatasi haingoji kuzeeka ndipo idanganye. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa waliotuhumiwa kuwa Mau Mau na kukataa kuungama walitolewa kwenda kwenye kazi ya lazima, na askari walinzi wakawapiga kwa virungu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Sentensi hiyo ilikuwa rasmi, ina tarehe, imeandikwa siku zile zile, na mtu yeyote angeweza kuisoma mara mbili akakuta maneno yale yale. Ilikuwa na kila sifa ambayo wapenzi wa nyaraka wanaitaja. Kama uchunguzi wa vifo usingefuata na kuonyesha majeraha ya kipigo, mtafiti wa leo angeishika taarifa hiyo mkononi, na mzee aliyenusurika Hola akimwambia kwamba wenzake waliuawa kwa virungu, angejibiwa kwa upole kwamba kumbukumbu yake imechanganya mambo.

Na nyingine zilichomwa. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitoa maagizo kwamba makaratasi ambayo yangeweza kuiaibisha serikali ya Malkia yasiachiwe serikali mpya za nchi zinazopata uhuru. Mengine yaliteketezwa, mengine yakasafirishwa na kufichwa. Faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani zilikaa Hanslope Park, Uingereza, miongo kadhaa bila kukubaliwa hadharani kwamba zipo, na Tanganyika ni mojawapo ya nchi ambazo faili zake zilikuwamo. Kwa hiyo pengo kwenye kabati la nyaraka halithibitishi kwamba hakukutokea kitu. Mara nyingine pengo hilo lilitengenezwa kwa makusudi, na mtu aliyelitengeneza alijua vizuri kilichokuwamo.

Sasa tuje Usukuma, tuitazame ile sentensi ya pili. Baada ya vita vikuu vya pili Waingereza walianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na Malya ikawa makao ya shughuli zake. Kwenye vitabu mpango huo unasomeka vizuri: malambo, ardhi isimomonyoke, malisho yasiharibike. Kwa mkulima ulifika kama amri juu ya amri. Lima matuta yaliyofungwa. Panda muhogo wa njaa kwa kipimo fulani. Ng'oa mabua ya pamba na uyachome. Punguza ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa, na anayekamata alikuwa mtu wa mtemi. Katika nchi ambayo ng'ombe ni mahari, akiba, na neno la mwisho katika ugomvi, amri ya kupunguza mifugo ilikuwa inaingia ndani ya nyumba ya mtu. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta watu wa Kanda ya Ziwa tayari wana jambo la kusema, na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba alivyoviongoza Paul Bomani vilikuwa vimeshawazoesha kukutana, kuchanga na kudai mizani isiyoiba. Serikali ililiona hilo. Kuanzia mwishoni mwa 1954 mpaka 1958 TANU haikuruhusiwa kuendesha matawi Usukuma. Katika mwaka huo wa 1958 Geita ilichafuka kwa sababu ya baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo watu hawakulitaka. Umati ukatembea mpaka Mwanza kupeleka malalamiko, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, na hatimaye ni baraza lile lililokufa. Hawa ni wapiganaji. Hawakubeba bunduki, lakini walikamatwa, walifungwa, na waliishinda serikali kwenye jambo walilolikataa.

Hebu fikiria karatasi zao zingetoka wapi. Chama kilichopigwa marufuku hakiandiki mihtasari ya vikao. Orodha ya wanachama ndicho kitu cha kwanza polisi wanachotafuta wanapopekua nyumba. Kadi inafichwa kwenye paa la nyasi, na mchwa hawasubiri mtafiti. Mkutano unaofanyika usiku, kwenye moto wa shikome kana kwamba wazee wanapiga soga za kawaida, umefanikiwa kwa kadiri ile ile ambayo haukuacha alama. Ndiyo maana kudai nyaraka kutoka kwa watu hawa ni kuwadai uthibitisho wa kwamba walishindwa kujificha. Waliobaki kwenye karatasi ni wale walionaswa, na hao nao wameandikwa kama wavunja sheria za kilimo: fulani wa fulani, hakulima matuta, shilingi kadhaa. Sababu yake ya kutolima matuta haikuhitajika mahakamani, kwa hiyo haimo.

Jambo hili lina mfano uliokwisha kufanyiwa kazi hapa hapa Tanzania. Kwa miaka mingi historia ya TANU iliyoandikwa ilikuwa historia ya wanaume waliosoma shule za misheni, kwa sababu hao ndio walioandika barua, katiba na magazeti. Mwanahistoria Susan Geiger aliamua kuwauliza wanawake waliokuwa kwenye chama, akakusanya habari za maisha yao, na kitabu chake cha mwaka 1997 kikabadilisha picha. Katika simulizi zao Dar es Salaam ilitokea kuwa mji ambao wanawake, wengi wao Waislamu wenye elimu ndogo ya shule, waliibeba TANU mtaa kwa mtaa kupitia vikundi vya ngoma, biashara ndogo ndogo na mitandao ya ujirani, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao. Hakuna kabati ambalo lingemwambia Geiger jambo hilo, kwa sababu vikundi vya ngoma havikuwa na makarani. Hawa wanawake walikuwapo muda wote, wanaishi mitaa inayojulikana, na waliotangulia kuandika hawakuwa wamewapigia hodi.

Gharama ya kusubiri karatasi ionekane kwa mfano mmoja wa mbali. Desemba 1981, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini El Salvador, Amerika ya Kati, kikosi cha jeshi kilichoitwa Atlacatl kiliingia kijiji cha El Mozote na kuwaua wanakijiji. Rufina Amaya, mwanamke wa hapo, alijificha vichakani na kusikia, na watoto wake walikuwa miongoni mwa waliouawa. Akasema. Redio ya waasi ikatangaza, waandishi wawili wa magazeti ya Marekani wakafika na kuandika Januari 1982, na serikali ya Marekani, iliyokuwa inaligharimia jeshi lile, ikasema hakuna uthibitisho. Mama huyu hakuwa na waraka. Habari zake zilipitia mdomoni mwa wapiganaji wa msituni, kwa hiyo zikaitwa propaganda. Miaka 10 ilipita. Mwaka 1992, vita vilipokwisha, wataalamu wa mifupa kutoka Argentina walichimba kwenye nyumba ndogo iliyokuwa pembeni mwa kanisa. Walikuta mabaki ya watu 143, na 131 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 12. Rufina Amaya alikuwa amesema kweli siku ya kwanza. Katika ile miaka 10 misaada ya kijeshi iliendelea kumiminika, na jeshi lile lile liliendelea kuua, huku wenye ofisi wakisubiri ushahidi wa kiwango chao.

Kwa jirani zetu Kenya ilikuwa miaka 50. Wazee waliopita kwenye kambi za Mau Mau walisimulia walivyopigwa, walivyohasiwa, walivyoteswa, na mwanahistoria Caroline Elkins alipoandika kitabu chake cha mwaka 2005 akiegemea sana simulizi hizo, wanahistoria wenzake walimlaumu kwa hilo hilo. Wazee walipofungua kesi London, ndipo katika kuwatafutia mawakili ushahidi zile faili za Hanslope Park zikalazimika kukubaliwa kwamba zipo, mwaka 2011, na ndani yake mlikuwa na barua za maofisa wakijadili mateso yale yale. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Najua atakayesema: umeona, mwisho wake karatasi ndiyo iliyoshinda kesi. Atazame mpangilio wa matukio. Karatasi zilikuwapo tangu mwanzo na hazikumsaidia mtu yeyote, kwa sababu waliozishika walizificha. Zilitoka kwa kuwa vikongwe walisema kwanza, na mtu akawaamini kiasi cha kwenda kuzidai. Mdomo ndio ulioifungulia karatasi mlango.

Pingamizi la kumbukumbu nitalijibu kwa uangalifu zaidi, maana hapa wapo wanaotetea simulizi ambao wanaiharibu kazi. Kumbukumbu ya mpiganaji haina nguvu sawa kwa kila swali. Katika idadi ni dhaifu. Elkins alipojaribu kukadiria waliokufa Kenya, makadirio yake ya juu yalipingwa na mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker, ambaye mwaka 2007 alifikia vifo vya ziada vipatavyo 50,000, idadi ya kutisha lakini ndogo kuliko ile. Simulizi za mateso zilisimama. Hesabu ndiyo iliyoyumba. Rigoberta Menchú wa Guatemala alieleza maisha yake chini ya ukatili wa jeshi katika kitabu cha mwaka 1983, na mtafiti David Stoll akaonyesha mwaka 1999 kwamba baadhi ya mambo aliyoyasimulia kana kwamba aliyaona kwa macho yake, hakuwapo yalipotokea. Ni dosari, nami siifuniki. Lakini mwaka ule ule wa 1999 tume ya ukweli ya Guatemala, baada ya kukusanya maelfu ya ushahidi, ilitoa ripoti kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kwamba asilimia 93 ya uvunjaji wa haki ilioupitia ulitendwa na vyombo vya dola na washirika wake. Aliyekosea katika nani alisimama wapi alikuwa sahihi katika nani aliua nani. Kazi ya mkusanyaji ni kujua anauliza swali la aina gani, na kumlinganisha msemaji mmoja na wengine kumi, kama hakimu wa mahakama ya mwanzo anavyofanya kila wiki bila kulalamika kwamba mashahidi ni binadamu.

Uganga nao usitutishe. Kila mtu Usukuma amesikia habari za Ng'wanamalundi, aliyenyoosha kidole miti ikakauka, ambaye Wajerumani walimkamata na kumfunga. Mwenye kupenda nyaraka anasikia kidole, anatupa habari nzima. Akivumilia kidogo angeuliza kwa nini, katika watu wote wenye dawa, ni huyu aliyeogopwa na serikali ndiye anayesimuliwa hadi leo, na kwa nini nguvu zake zinaelezwa kwa kukausha, kazi ambayo jua huwafanyia maadui wa mkulima na mkulima mwenyewe. Muujiza katika simulizi unaonyesha mahali watu walipoweka hofu yao na tumaini lao. Vita vya Majimaji vilieleweka vibaya kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Götzen, gavana wa Kijerumani, aliviandika kama kazi ya waganga waliowapumbaza watu kwa maji. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini, wengi kwao wenyewe, kuwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa vita, chini ya mradi ulioongozwa na John Iliffe, naye Gilbert Gwassa akifanya kazi yake kwa Wamatumbi. Wazee walianza habari na pamba. Walieleza mashamba ya lazima, malipo yasiyolingana na jasho, viboko vya maakida, na namna vita vilivyotangazwa pale Nandete mwezi Julai 1905 kwa kung'oa mashina ya pamba.

Mkulima wa Bariadi anaelewa kitendo hicho mikononi kabla ya kukielewa kichwani. Kila mwaka baada ya mavuno anang'oa mabua na kuyachoma ili wadudu wasivuke msimu. Anajua mzizi wa pamba unavyoshika, anavyoinama, anavyovuta kwa mikono miwili mpaka ganda la bua linamkwaruza kiganja. Kwake kung'oa pamba ni kutii sheria. Nandete kung'oa pamba kulikuwa kutangaza vita dhidi ya dola. Waraka wa Kijerumani ungeweza kutuandikia kwamba mimea imeharibiwa. Ni simulizi iliyosema mimea ile ilikuwa barua. Na hata idadi ya waliokufa, ambayo serikali ya Kijerumani iliiweka 75,000, Gwassa aliona kwamba njaa iliyoachwa nyuma ya vita iliua wengi zaidi, akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Makadirio yake yanaweza kujadiliwa. Lakini njaa yenyewe isingeingia kwenye mjadala kwa uzito wake kama hakuna aliyewauliza waliobaki na njaa ile.

Lazima niseme pia kosa la mradi ule, kwa sababu linatuhusu. Miaka ya sitini taifa lilikuwa changa na lilitaka babu mmoja wa wote, na waliouliza walikwenda wakitafuta umoja wa makabila dhidi ya mkoloni. Wanahistoria waliofuata, wakiwemo walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, walionyesha yaliyosukumwa pembeni: ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, waliopigana upande wa Wajerumani, wanawake, misitu, biashara ya pembe. Kwa hiyo doa kubwa la simulizi mara nyingi huwa kwa aliyeuliza. Dawa yake ni kurudi kuuliza vizuri, na kuandika swali pamoja na jibu, ili anayesoma baadaye aone mzee alisukumwa wapi.

Usukuma tuna chombo kingine cha kupimia, na sijui kwa nini hakitajwi. Ni nyimbo. Wafuasi wa Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, wameshindana kucheza na kuimba kwa vizazi, na mtunzi wa upande mmoja husimama mbele ya mahasimu wanaomsubiri akosee. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu kinene, na humo mna vita vikuu, pamba, TANU na vita vya Kagera. Wimbo unashika maneno kuliko masimulizi ya kawaida, kwa sababu mahadhi hayakubali neno litoke ovyo. Mzee akieleza mwaka fulani na wimbo wa mwaka huo ukasema vingine, hapo mtafiti ana kazi ya kufanya, sawa kabisa na mwenye faili mbili zinazopingana.

Wapo wasiobishana na ukweli wa simulizi ila wanasema tusifukue: watu wamepatana, tusiamshe yaliyolala. Hoja hii nina heshima nayo kidogo tu, kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni walioumizwa kidogo zaidi. Chukua Sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini watu wa Usukuma na Unyamwezi, wamechoshwa na wezi wa ng'ombe na vyombo vya dola visivyofika, walijipanga kwa viapo, pinde na filimbi, wakiwa na ntemi wao wenyewe wa kuwaongoza, na serikali ikawatambua kisheria mwaka 1989 baada ya kuwa wameshafanya kazi miaka kadhaa. Waliolinda ng'ombe wana haki ya kusimulia. Lakini wapo pia waliopigwa na kufukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na hao hawana hata wimbo. Tukinyamaza kwa jina la amani, kinachobaki ni sauti ya aliyekuwa na upinde. Simulizi za wapiganaji zisikusanywe peke yake kama mataji. Zikusanywe pamoja na za waliokuwa upande wa pili wa upinde, kijiji kile kile, mwezi ule ule.

Kuna sifa moja inayodhuru kuliko dharau. Kwenye misiba na sherehe tunapenda kusema kwamba mzee akifa maktaba imeungua. Watu wanaitikia, halafu wanakwenda kula pilau. Mfano huo unatutuliza isivyostahili, kwa maana maktaba ikiungua ni ajali, na hii yetu tunaijua tarehe yake kwa kukadiria. Aliyekuwa na miaka 20 wakati watu wa Geita wanatembea kwenda Mwanza amepita 85. Aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, akaingia mgambo na kutembea na jeshi letu na Waganda waliokuwa wanampinga Amin mpaka Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, amepita 65 na bado anakaa barazani, ana akili zake, anadai mjukuu wake amnunulie vocha. Vita hivyo vina vitabu, vikiwemo kile cha Baldwin Mzirai cha mwaka 1980 na kile cha Tony Avirgan na Martha Honey cha mwaka 1982, lakini vinafuata majemadari na barabara kuu. Mwanamgambo wa Nkololo au Sima, huku Bariadi, hayumo, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anasikiliza hotuba kama wengine.

Kinachohitajika Bariadi si jengo wala bajeti ya wizara. Wilaya hii ina shule za sekondari zilizojaa wanafunzi wanaofundishwa somo la historia na ambao wengi wao wanakijua Kisukuma kuliko lugha wanayofanyia mtihani. Simu iliyo mkononi mwao inanasa sauti vizuri kuliko vinasa vya mwaka 1968. Mzee aulizwe kwa Kisukuma, kwa sababu akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini atajibu kwa Kiswahili cha hotuba, na tutapata hotuba. Asiulizwe alijisikiaje kulipigania taifa. Aulizwe alivaa nini miguuni, walikula nini siku ya tatu, nani alibeba maji, nani alibaki njiani na walimwachaje, faini ilikuwa shilingi ngapi na ng'ombe gani aliuzwa kuilipa, jina lake na rangi yake, kwa maana mchungaji husahau mwaka lakini hamsahau ng'ombe. Rekodi iandikwe jina la aliyeuliza, mahali, na maswali yote kama yalivyoulizwa. Zibaki nakala shuleni, nyingine zipelekwe Nyaraka za Taifa, zikae kwenye rafu moja na zile karatasi za mabwana shauri, ili atakayekuja azisome zote mbili kwa jicho moja la mashaka. Na kabla simu haijazimwa, igeuzwe upande wa mama aliyekaa mlangoni akichambua mchele, ambaye wakati mume yuko jela kwa ajili ya matuta alilima shamba peke yake, akailipa ile faini, na tangu siku hiyo hajawahi kuulizwa alipata wapi fedha.